Wahudumu wa ndege watueleze



Naomba nitoe maoni yangu juu ya wahudumu wa ndege na abiria wenye hofu.

Siku hizi ndege si usafiri wa wakubwa peke yao. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kulinunulia shirika letu la ndege pangaboi mpya za abiria 76, wakulima, wauguzi na hata wagonjwa wanapanda. Wengi ni mara yao ya kwanza, nao wanaikumbuka Bukoba. Novemba 6, 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Aliyeziona picha zile asichekwe akishikilia kiti kwa mikono miwili.

Mwaka jana nilisafiri na mjomba wangu kutoka Mwanza. Mara tu baada ya kuruka tulisikia kishindo chini ya miguu, kisha mlio wa injini ukapungua. Mhudumu alipopita, mzee akamwuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Akajibiwa, "Usijali, babu," basi. Tangazo la rubani nalo lilikuwa refu kwa Kiingereza. La Kiswahili likafuata kwa sentensi mbili, mbio mbio. Mzee hakunywa hata maji mpaka tulipotua.

Kishindo kile ni magurudumu yakikunjwa. Mlio unapungua kwa kuwa rubani hahitaji tena nguvu zote za kurukia. Na mtikisiko mawinguni ni hewa inayopanda na kushuka. Ndege imeundwa kuuhimili, anayeumia mara nyingi ni yule asiyefunga mkanda. Hayo yanaelezeka kwa nusu dakika. Mimi nafundisha darasa la kwanza: mtoto anayelia hanyamazi kwa kuambiwa "nyamaza", hunyamaza akielezwa mama atarudi saa ngapi. Hata utingo wa basi hapa barabara ya Morogoro, gari likizimika, huwaambia abiria limeharibika nini!

Wapo watakaosema huku ni kubembeleza watu wazima. Sikubaliani nao. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamejaza upepo maboya yao wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, maboya yakawainua hadi darini wakashindwa kuufikia mlango. Mwenye hofu hasikii maneno yanayosomwa haraka haraka, sembuse ya lugha asiyoijua.

Kwa hiyo naomba katika safari za ndani Kiswahili kitangulie, tena kwa utaratibu. Kabla ya kuruka mhudumu aulize nani anasafiri mara ya kwanza, amwonyeshe mkanda, boya na mlango ulio karibu naye, na amwambie boya halijazwi upepo mpaka awe anatoka. Rubani akiona mawingu mbele atuarifu kabla hatujatikiswa, na akizunguka bila kutua aseme sababu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo ipeleke watu wake wakae vitini pamoja nasi, wayasikie matangazo hayo kama tunavyoyasikia sisi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Visiga, Kibaha.