Umehamia Chamazi, cherehani iko wapi?

Kutoka chumba cha kupanga Tandika hadi nyumba yako Chamazi, au Mwananyamala hadi Bunju, miezi inapita. Kwanza maji, kisha umeme, halafu shule za watoto. Cherehani inabaki chini ya maboksi.

Mama aliyekuwa akishonea majirani ameacha wateja kule, na huku anaogopa. Akiharibu kitambaa cha mtu katika mtaa mgeni, sifa mbaya itatangulia jina lake.

Basi aanze na mabaki ya vitenge yaliyohama naye kwenye kiroba. Yanatosha shuka la viraka la mtoto, na akikosea anafumua kiraka kimoja tu. Kabla ya hapo afute kutu (hewa ya pwani haina huruma na chuma), atie mafuta ya cherehani, si ya kupikia, na abadilishe sindano. Mkanda wa ngozi ukilegea, hukatwa kidogo na kuunganishwa upya. Kitenge kipya kifuliwe kwanza, maana kikinywea baada ya kushonwa kitavuta viraka vya zamani na shuka litakunjamana.

Rangi achague mtoto. Shuka likianikwa kambani, jirani atauliza nani kashona.