Sekunde za Range Rover na Barabara ya Lanet



Wiki iliyopita safu hii haikutoka kwa kuwa mwandishi wenu alikuwa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, nyumbani kwa kaka yake, kwenye akika ya mjukuu. Baada ya sala ya Isha, sahani zilipokwisha kuondolewa, kijana wa kaka yangu alinijia na simu mkononi. "Shangazi," akaniambia kwa adabu, "Baba husikiza neno lako. Mwambie gari hili si anasa, ni usalama." Gari lenyewe ni Range Rover iliyokwisha kutumika, na fedha za kulinunulia zingetokana na kiwanja ambacho kaka yangu amewawekea binti zake wawili. Hoja ya kijana ilikuwa moja tu: sekunde.

Nilimsikiliza, nanyi mama zangu nawaomba mumsikilize, maana hesabu zake hazikuwa za uongo.

Range Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1970. Ilikuwa na injini ya lita 3.5 yenye silinda 8 na nguvu za farasi zipatazo 130, na kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa ilihitaji takriban sekunde 15. Hapana aliyelalamika zama hizo, kwani lilikuwa gari la tope na mashamba, na sakafu yake ilioshwa kwa mpira wa maji. Kizazi cha pili kilikuja 1994, na chenye injini ya lita 4.6 kilikaribia sekunde 10. Cha tatu, kilichoonyeshwa mwishoni mwa 2001, kilianzia kwenye sekunde 9 hivi; mwaka 2005 kikafungiwa kipulizo cha kuisukumia injini hewa, kikashuka chini ya 8, na kufikia 2009 kilikuwa karibu na 6. Cha nne, cha mwaka 2012, kiliundwa kwa bodi ya alumini, kilo mia kadhaa zikaondoka, na chenye injini kubwa kikafika sekunde 5.4. Cha tano, kilichozinduliwa 2021, kina injini ya lita 4.4 yenye taabo mbili na nguvu za farasi 530. Hicho huchukua sekunde 4.6. Babu mmoja akifika kilomita 100 mara moja, mjukuu huyu angekuwa amefika mara tatu.

Sasa, hoja ya usalama. Barabara itokayo Gilgil, ikapita juu ya ziwa Elementaita na kushuka Mbaruk hadi Lanet, ni njia ya malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo. Mengi yamepakia makontena kwetu, Kilindini. Mwenye kutaka kulipita trela mahali penye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi hutoka upande wa pili, na huko basi laja. Gari lake likienda kilomita 100 kwa saa hula mita 28 kila sekunde. Basi likienda kilomita 80, ambao ndio ukomo wa sheria kwa magari ya abiria, hula mita 22. Nafasi baina yao basi hupungua mita 50 kwa kila sekunde ipitayo. Akihitaji sekunde 10 kulipita trela, lazima aone nusu kilomita iliyo wazi. Akihitaji 5, robo kilomita yatosha. Kijana wetu hapa ana haki yake, na nilimwambia hivyo mbele ya baba yake.

Lakini sekunde zile zilipimwa wapi? Wifi yangu ndiye aliyenifungua macho, bila kukusudia, alipokuwa akinung'unika kuhusu maharagwe. Lanet iko takriban mita 1,900 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 tuliyoizoea Mombasa, na chungu cha maharagwe kina saa zake. Injini nayo yaipika petroli kwa hewa hiyo hiyo. Ile isiyo na taabo wala kipulizo hupata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani, na nguvu hupungua kwa kadiri hiyo. Taabo hubana hewa na kufidia sehemu kubwa ya pengo hilo, ndiyo maana vizazi vya karibuni havichoki sana mlimani. Basi mwenye kununua cha zamani kwa kusoma takwimu za kitabuni ajue kuwa zilipimwa kwenye barabara tambarare na iliyo wazi, si gari lililobeba mama, watoto watano na magunia ya viazi ya kupeleka Mombasa.

Liko jambo jingine ambalo sikuliona katika simu ya kijana. Gari la 1970 lilikuwa na uzito wa kama kilo 1,700. La sasa lafikia kilo 2,500. Breki zimeboreshwa sana, sikatai, lakini mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimamia huzidi mara nne, na jicho la mwanadamu halijabadilika. Dereva akichukua sekunde moja tu kuitambua hatari, mita 28 zimekwisha kupita kabla mguu haujagusa breki. Na pale Lanet penyewe, penye bodaboda, wanafunzi na wauza mboga kandokando ya njia, sheria yataka kilomita 50.

Asubuhi yake kijana alinipeleka Gilgil kwa gari dogo la baba yake. Mbele ya Mbaruk tulikuwa nyuma ya trela. Akatoka kidogo, akaliona basi, akarudi. "Shangazi, kwa lile jingine ningepita," akasema. Nikamjibu kuwa kwa lile jingine angejaribu. Tukacheka, kisha tukanyamaza hadi trela lilipoegesha.

Kaka yangu hakukataa wala hakukubali. Amemtaka kijana apeleke gari kwa fundi asiye rafiki wa muuzaji, akaguliwe breki na matairi, na amletee kwa maandishi bei ya matairi manne mapya pamoja na petroli ya mwezi. Kuhusu kiwanja, amesema wataulizwa binti wenyewe kwanza, kwa kuwa ndio aliowawekea. Mkubwa yuko chuo na atarudi mwisho wa mwezi.