PICHA MPYA NA WENYEWE

Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Neno hili lawafaa sana wapenzi wa senema wa siku hizi. Picha ikitangazwa Marekani leo, kesho vijana wetu wamekwisha kugawanyika makundi mawili, moja laisifu na jingine laikashifu, na hali hakuna hata mmoja aliyeiona. Walichokiona ni kipande cha dakika mbili, kilichochaguliwa na yule yule anayeiuza. Nani amhukumuye mpishi kwa moshi wa jikoni?

Sisi nasi ni wapenzi wa senema, tena wa siku nyingi, na kipimo chetu ni chepesi. Twaiuliza kila picha mpya: Je, watu wake wana kazi, wana majirani, wana hofu na tamaa kama binadamu, au ni vivuli vya kupigana ngumi na kufyatua bastola?

Kwa kipimo hicho, twasema pasipo haya kwamba baadhi ya picha za Afrika Mashariki zimetufurahisha kuliko nyingi za gharama kubwa. "Vuta N'Kuvute" ya Ndugu Amil Shivji, iliyotolewa 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, yatuonyesha Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin akiikimbia ndoa ya mume mzee asiyempenda, na Denge akipambana na ukoloni. Mahali pengine picha hii yajikokota, na aliyeisoma riwaya atayakosa mengi. Lakini ina heshima ya watu wake. "Binti" ya Seko Shamte, ya mwaka huo huo, yafuata maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, wala haikuwafanya mapambo. Na katika "Supa Modo" ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya 2018, kijiji kizima chashirikiana kumtengenezea picha mtoto mgonjwa.

Lakini ni nani aliyeziona? "Vuta N'Kuvute" ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo za Oscar. Twaona fahari. Hata hivyo, mchukuzi wa bandari ya Malindi, ambaye kisa kile ni cha babu zake, ataionea wapi? Jumba la Majestic pale Vuga, lililojengwa miaka ile ile ya 1950, lilikaa gofu kwa muda mrefu. Video zilipoenea, majumba mengi ya senema, bara na visiwani, yalifungwa au yakageuzwa maduka na maghala. Machache ya siku hizi yamo ndani ya maduka makubwa ya mjini, na kiingilio cha baba, mama na watoto watatu, pamoja na nauli, ni posho ya siku kadhaa.

Wako watakaosema kwamba simu yatosha. Hatukubaliani nao. Atazamaye peke yake hucheka peke yake, wala hana wa kubishana naye picha ikiisha. Tena vipande vingi vya simuni ni nakala za wizi, na mwenye jasho hapati hata senti.

Watazameni wafanyakazi katika vile vibanda viitwavyo "vibanda umiza". Hulipa kidogo, hukaa juu ya mabenchi, na kumsikiliza mtu akiwasimulia kwa Kiswahili picha za kigeni. Ushahidi gani tena watakiwa kwamba mfanyakazi apenda senema, na aipenda kwa lugha yake?

Halmashauri zetu na vyama vya wafanyakazi vina kumbi. Zifunguliwe jioni moja kila juma kwa kiingilio kidogo, na mwenye picha alipwe haki yake. Katika tamasha la ZIFF watu wamekaa wazi chini ya mbingu, ndani ya Ngome Kongwe, wakatazama. Basi jambo hili lawezekana.

Nawe, mpenzi wa senema, kabla hujaipigia kelele picha ijayo ya ng'ambo, mwulize kwanza diwani wako: ile yetu itaonyeshwa lini hapa kwetu?