Fundi wa Lille na Wimbo Wake
Na Rukia Mbwana

Wimbo wa "L'Internationale" umeimbwa kwenye migomo, magerezani na makaburini, duniani kote. Waimbaji ni mamilioni, lakini ukiuliza ni nani aliyeutunga, wengi watanyamaza. Kimya hicho kinaniuma, kwa sababu wimbo huu wa kudai jasho la mfanyakazi uliwahi kumpoka mfanyakazi jasho lake.

Maneno ni ya Eugène Pottier, mchoraji wa nakshi za vitambaa wa Paris. Mwaka 1871 alikuwa mjumbe wa Komyuni ya Paris, utawala wa watu wa kawaida uliodumu wiki kama kumi tu. Mwezi Mei jeshi la serikali liliingia mjini na kuua maelfu. Mwezi uliofuata, akiwa bado anasakwa, Pottier aliandika shairi lake. Alikimbilia Uingereza, kisha Marekani, na huku nyuma akahukumiwa kifo. Alirudi baada ya msamaha wa 1880, akafariki 1887 akiwa fukara. Muziki tunaoujua leo hakuwahi kuusikia.

Muziki huo ulikuja mwaka uliofuata, kutoka Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa Ufaransa. Pierre De Geyter alikuwa fundi wa kukereza mbao, na baada ya kazi aliimba katika kwaya ya wafanyakazi. Gustave Delory, msoshalisti aliyekuja kuwa meya wa mji huo, alimpa kitabu cha Pottier atafute shairi la kutilia muziki. Wimbo ukaimbwa hadharani Julai 1888, zikachapishwa nakala 6,000. Kwa kuhofia kibarua chake kuota nyasi, fundi aliandikwa kwa jina la ukoo pekee: Degeyter.

Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Pierre alikuwa na ndugu, Adolphe, na jina la ukoo ni lao wote wawili. Wimbo ulipovuma, Adolphe alidai ni wake. Wakafikishana mahakamani, na mwaka 1914 Pierre akashindwa. Mwaka 1916 Adolphe alijiua, akaacha barua ya kukiri kwamba hakuutunga. Hata hivyo haki ya Pierre haikutambuliwa na mahakama hadi 1922, akiwa na miaka 74. Hofu ya mwajiri ilimfanya mtu afiche nusu ya jina lake, na nusu hiyo ikamgharimu miaka mingi ya maisha yake.

Wakati ndugu hao wakivutana, wimbo ulikuwa umeshavuka mipaka. Arkady Kots aliutafsiri kwa Kirusi mwaka 1902, na baada ya mapinduzi ya 1917 ukawa wimbo wa taifa la Wasovieti hadi 1944. Mzee De Geyter alialikwa Moscow mwaka 1927. Lakini nionavyo, wimbo huu haukai vizuri mdomoni mwa mtawala. Chama tawala cha China huuimba kwenye mikutano yake mikuu. Mwaka 1989 waliouimba katika uwanja wa Tiananmen walikuwa wanafunzi, mbele ya wanajeshi wa chama hichohicho. Kwangu mimi, siku ile wenye wimbo walikuwa wanafunzi.

Kwetu, Mei Mosi husimama tukaimba "Solidarity Forever", wimbo mwingine kabisa. Maneno yake aliyaandika Ralph Chaplin mwaka 1915, Mmarekani aliyefungwa gerezani kwa ajili ya harakati za wafanyakazi. Sijawahi kusikia jina lake likitajwa jukwaani. Risala husomwa, wageni rasmi hutambulishwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na mtunzi hapewi hata sentensi moja. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanaweza kulirekebisha hilo Mei Mosi ijayo: kabla ya wimbo kuanza, mshereheshaji amtaje Chaplin, kisha awataje Pottier na De Geyter, kwa majina yao kamili.