Mpeni VJ Maiki

Ukienda kuonyeshwa filamu za kale kwenye kumbi za utamaduni Nairobi, unakalishwa kimya kama mtahiniwa. Mtaalamu anaongea Kiingereza nusu saa, taa zinazimwa, na ole wako ukicheka kwa sauti. Eti ndiyo kuheshimu historia. Historia gani hiyo, jamani?

Sinema ya mwanzo ilikuwa na kelele. Filamu yenyewe haikuwa na sauti, kwa hiyo ukumbini palikuwa na mpiga kinanda, na mara nyingi msimulizi. Japani walimwita benshi: alisimama kando ya pazia, akawasemea wahusika wote, na kuna watu waliolipa kiingilio kumfuata yeye kuliko mwigizaji.

Benshi wa kwetu yupo. Vuka tu mpaka hapa Busia, uingie kibanda cha video upande wa Uganda, umsikie VJ akiigeuza filamu ya Hong Kong kuwa ugomvi wa mtaani, kwa Kiganda. Tanzania walikuwa na Lufufu. Sisi tuna DJ Afro. Lakini kwenye mikutano ya urithi wa sinema, watu hawa wakitajwa basi ni kama wezi wa hakimiliki. Sawa, hoja ya hakimiliki ina uzito. Basi wapeni filamu za miaka ya 1890 na 1900, ambazo nyingi hazina tena mwenyewe wa kudai. Mbona hamfanyi hivyo?

Au mnaogopa watakachosema? Kati ya 1935 na 1937, Waingereza walikuwa na mradi wa filamu huko Vugiri, milima ya Usambara. Lori lilizunguka Afrika Mashariki likiwa na projekta, na maelezo yakitoka kwenye santuri. Mada: minyoo, kodi, akiba ya posta. Mwafrika akae, atazame, afunzwe. Santuri haijibiwi. Ile filamu ya minyoo ingalipo Uingereza. Hebu ileteni Port Victoria usiku mmoja, mumpe VJ maiki, asimulie kwa Lunyala. Mtasikia majibu yaliyochelewa miaka tisini.

Sauti nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha, na kanda zikaishia kwenye hifadhi Afrika Kusini. Miaka zaidi ya sitini baadaye, hifadhi hiyo na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha vijijini, na baadhi ya waliorekodiwa wakapatikana wakiwa hai. Fikiria kama wangetosheka kuziweka intaneti na kwenda zao. Nani angejua?

Najua watakachoniambia: watu wa Budalang'i wanataka tuta la Nzoia, hawataki sinema. Tuta wanalihitaji, tena jana. Lakini mafuriko hayachukui mahindi peke yake. Watu wakihamia kambini, picha na redio za mzee hubaki majini. Anayepoteza vitu hivyo kila mara ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusikia kilichohifadhiwa kwingine.

Gharama yake? Jenereta, shuka jeupe, spika, na VJ alipwe vizuri. Mtaalamu pia aje, karibu sana, ila akae chini na watoto. Na mama mmoja akisimama katikati ya filamu kubisha, msimnyamazishe. Rekodini hiyo.