Kurejea Mchezoni Baada ya Kupasuliwa Kichwa



Mzazi mmoja wa mjini Mbeya ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake, maana jamaa zetu wa Iringa nao wamepata kutuuliza mfano wake. Asema kwamba kijana wake aliumwa kichwa kwa miezi mingi, akawa anatapika asubuhi na kuona ukungu machoni, hata ikabainika kwamba ana uvimbe katika ubongo. Akapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu uvimbe ukatolewa, na vipimo vikaonyesha kuwa si saratani. Sasa yapata miezi minne tangu arudi nyumbani. Kila jioni awaona wenziwe wakipita na mpira, naye ataka kuwafuata. Mama yake hataki hata kulisikia neno hilo. Ami zake wasema kijana ni mzima, aachwe acheze. Mzazi auliza: Dini yasemaje, nasi tufuate kauli ya nani?

Twajibu, na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu, kwamba mama ana haki katika hofu yake, na ami wana haki katika matumaini yao, lakini hukumu ya jambo hili haimo mikononi mwa mama wala mwa ami.

Tuanze na upande wa mama. Wako watu wadhaniao kwamba mchezo ni upuuzi, na kwamba mtu aliyeponea chupuchupu hafai kuufikiria tena. Dhana hiyo si sawa. Bwana Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kwamba kwa kila mmoja wao iko kheri. Alimwambia Sahaba wake Abdullahi bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake. Naye mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimpita, na mara nyingine baadaye Mtume akampita. Basi mchezo wa halali unaoutia mwili nguvu si aibu kwa mvulana wala kwa binti, ikiwa adabu na sitara zimechungwa.

Tena kumkalisha mgonjwa kitako miezi na miezi kuna madhara yake. Misuli ya miguu hunywea. Na baadhi ya dawa apewazo mtu wa uvimbe wa ubongo ili kupunguza kuvimba, nazo hudhoofisha misuli ya mapaja zikitumiwa kwa muda mrefu. Juu ya hayo huja huzuni, kwani kijana aliyezoea kuwa na wenziwe uwanjani akifungiwa ndani hujiona kuwa ameachwa na dunia. Kwa sababu hiyo madaktari wenyewe humwinua mgonjwa kitandani mapema, mara nyingi katika siku za kwanza baada ya kupasuliwa, wakamtembeza hatua chache. Mazoezi ni sehemu ya tiba, ila yana wakati wake na kiasi chake.

Sasa tuje upande wa ami. Wao humtazama kijana, wakaona nywele zimeota na kovu limefunikwa, wakasema amepona. Lakini jeraha la kichwa lina sehemu mbili, ionekanayo na isiyoonekana. Ngozi hushikana kwa majuma machache. Mfupa wa fuvu, ambao daktari aliukata kama kidirisha ili aufikie ubongo, kisha akaurudisha na kuukaza kwa vibati vidogo na parafujo, huchukua miezi mingi hata kushikana barabara. Na ubongo wenyewe, ulioguswa na kusukumwa, hupona polepole kuliko vyote. Ndiyo maana mtu aliyepasuliwa kichwa huchoka upesi, akahitaji kulala mchana, na makelele yakamuudhi. Huo si uvivu wala deko.

Fikirini pia mpira wenyewe. Mpira wa miguu wa watu wazima una uzito wa kati ya gramu 410 na 450, nao huja kwa kasi. Kuupiga kwa kichwa, au kugongana kichwa na mwenzio, si jambo la kulifanyia majaribio juu ya mfupa ambao haujashikana. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Baqara, aya ya 195, ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizi.

Basi tumfuate nani? Jawabu twalipata katika kisa kilichopokewa na Imamu Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.). Masahaba fulani walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani, likampasua. Kisha ikampasa kuoga josho la janaba. Akawauliza wenziwe kama iko ruhusa atayamamu. Wakamwambia kwamba hawaioni ruhusa hiyo kwake, maana maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akasema kwamba wao ndio waliomwua, na kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwani dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Tazameni, wasomaji wetu. Wale walikuwa watu wema, na walilosema walilisema kwa nia ya kuhifadhi dini. Nia yao njema haikumfaa kitu mwenye jeraha la kichwa. Na katika jambo la leo, mwenye kuulizwa ni daktari aliyemfungua kijana kichwa, au bingwa mwenziwe anayeisoma barua yake ya hospitali. Jirani wa barazani hajui uvimbe ulikuwa upande gani, wala kama wote umetoka. Nasi waalimu wa madrasa hatuyajui hayo.

Hapa twataka kuwausia hasa watu wa Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni kama kilomita 500. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, ni mahali ambapo wagonjwa wa mikoani hupelekwa kwa upasuaji wa ubongo, na si kila jamaa awezaye kupanda basi kwenda kuuliza neno moja. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya kuondoka huko, nayo yaandikwe: Lini aanze kutembea mwendo mrefu? Lini ainue vitu vizito? Lini akimbie? Je, mpira wa miguu ataucheza tena, na je, wa kichwa? Vidonge vya kuzuia kifafa atavimeza mpaka lini? Aliyekwisha rudi bila kuuliza, naachukue barua yake aende hospitali ya rufaa iliyo karibu naye, Mbeya au Iringa, aonane na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Ama njia ya kurejea, dini yetu imekwisha tufundisha mfano wake katika sala. Mtume (S.A.W.) alimwambia Imran bin Husein asali kwa kusimama, asipoweza, asali kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Na mtu aliyepasuliwa kichwa huenda akakatazwa na daktari asiinamishe kichwa chini kwa majuma kadhaa. Huyo husali amekaa, akaashiria kwa kichwa kadiri awezavyo, na sajda yake akaifanya chini kidogo kuliko rukuu. Nguvu zikirudi, husimama. Sala yake ya kukaa ni sala kamili, na hana haja ya kuionea haya. Basi ikiwa nguzo ya dini ina daraja kwa mgonjwa, vipi mpira usiwe na daraja?

Daraja ya kwanza ni kutembea: leo mpaka msikitini, juma lijalo mpaka sokoni. Mbeya na Iringa ni miji ya miinuko, basi aanze njia tambarare. Kwa kawaida madaktari humkataza kuinua mizigo katika majuma ya mwanzo, yapata sita au zaidi. Daraja ya pili ni mazoezi mepesi ya viungo, na kupigapiga mpira taratibu na ndugu yake uani, bila kukimbizana. Daraja ya tatu ni mbio nyepesi. Michezo ya kugongana huja mwisho, na madaktari wengi humngojesha mtu miezi mingi, hata mwaka, na wengine humkataza kabisa. Ngumi na miereka naaviage. Na kila apandapo daraja, kichwa kikimwuma zaidi, au akaona kizunguzungu, ashuke daraja moja apumzike. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Iko hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kifafa. Aliyepasuliwa ubongo aweza kushikwa na kifafa hata baada ya miezi, hasa akiacha vidonge au akikosa usingizi. Kwa hiyo asiogelee peke yake, si Matema katika Ziwa Nyasa wala mtoni Ruaha. Asipande jiwe la Gangilonga wala mlima Loleza, asiendeshe baiskeli mteremkoni wala pikipiki, mpaka daktari amruhusu. Na ikiwa Ramadhani yaja, aulize mapema habari ya vidonge vyake. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na siku zake atalipa akipona.

Akianguka uwanjani, wenziwe wasikimbie, wala wasiseme kuwa amepandwa na shetani. Wamlaze ubavu, waondoe vitu vya kumwumiza, wasimtie kijiko wala chochote kinywani, wasimshike kwa nguvu, na watazame saa. Ikipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika apelekwe bila kuchelewa akipata maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika, homa, udhaifu wa upande mmoja, au maji yakitoka kwenye kovu.

Vijana watatuambia habari za Petr Čech, mlinda mlango wa Chelsea. Kweli, tarehe 14 Oktoba 2006 fuvu lake lilivunjika mchezoni, akapasuliwa, na tarehe 20 Januari 2007 alikuwa amekwisha rudi golini. Lakini naiangaliwe habari yote. Yeye alikuwa na mfupa uliovunjika, si uvimbe. Alikuwa na madaktari waliomchungua kabla ya kumruhusu. Na tangu siku ile alivaa kofia ya kukinga kichwa mpaka alipoacha kucheza mwaka 2019. Hakuona haya kuivaa mbele ya maelfu ya watu. Hilo ndilo la kuigwa kwake, wala si hesabu ya miezi yake.

Basi twamwambia mama: mwachie mwanao atembee, nawe nenda naye. Twawaambia ami: mapenzi yenu yaonekane katika nauli ya kumrudisha kwa daktari. Twawaambia wenziwe wa uwanjani: mpeni filimbi awe mwamuzi wa mazoezi yenu, au ahesabu magoli, ili awe pamoja nanyi kabla miguu yake haijawa tayari. Na kijana mwenyewe twamwambia kwamba kungoja kwake kwa ajili ya afya aliyorudishiwa ni subira, na subira ina thawabu. Ikiwa daktari atasema mpira wa miguu usirudiwe tena, kutembea, mbio nyepesi na kuwafundisha watoto wadogo vimebaki, na kheri ya Mwenyezi Mungu haikufungwa katika mchezo mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliye Mponyaji, awaponye wagonjwa wetu wote, awape wazazi wao busara, na atujaalie sisi kuuliza pale tusipojua. Amin.