Ukumbi wa Mama: Mgeni Aliyeuliza Njia ya Sokoni



Wasomaji wetu wapenzi, vijana wamalizapo vyuo hapana wiki ipitayo bila mzazi kuniuliza, "Mwanangu ataka kwenda bara kutafuta kazi. Nimpe ruhusa?" Na bara inayotajwa siku hizi mara nyingi ni Ruiru na Thika, miji ya Kaunti ya Kiambu iliyo kando ya ile barabara kuu itokayo Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2012. Huko kuna viwanda vya mafuta ya kupikia, maziwa, nguo na chuma. Kuna mashamba ya mananasi, na kuna vyuo vikuu vinavyovuta maelfu ya vijana wanaohitaji kula, kuvaa na kupanga vyumba. Riziki ipo. Swali ni jinsi mtoto wetu atakavyoifikia.

Nitawasimulia yaliyotufika sisi wenyewe. Binti wa dada yangu alitoka Kisauni kwa treni hadi Nairobi, akapanda matatu ya Thika. Alikuwa na ahadi ya kazi ya kiwandani, aliyopewa kwa simu na mtu asiyemjua, naye alikuwa amekwisha kumtumia pesa za "usajili". Alipofika langoni, mlinzi alitazama orodha yake, akamwambia kwa upole kwamba jina lake halimo na mtu huyo hajulikani pale. Simu ya yule mtu haikupatikana tena.

Jioni ile alirudi hadi Ruiru, kwa mama mmoja mwenye asili ya Msambweni aliyesoma chuoni na dada yangu tangu utotoni. Hapo Mwenyezi Mungu alimstiri. Mama yule alimpa godoro, blanketi zito kwa baridi ya Julai, na siku mbili za kupumzika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu alimchukua hadi sokoni, akamjulisha kwa fundi cherehani ashonaye madera na sare za shule. Ujira ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wa halali, na fundi alikuwa mtu wa kumtazama usoni.

Lakini nyumbani hatukuyajua hayo. Kwa wiki sita binti alitupigia simu akisema kiwandani mambo ni mazuri. Aliona haya. Alikuwa ameagwa kwa dua na ubani, jirani wote wakijua kwamba amepata kazi. Nasi, Mola atusamehe, Idi ilipokaribia tulimwomba achangie nguo za wadogo zake. Akakopa kwa fundi, akatuma. Kwa muda akawa anakula mlo mmoja kwa siku ili alipe deni. Tapeli alichukua pesa zake mara moja. Sisi jamaa zake tulizichukua mara ya pili, bila kujua, kwa kuwa hatukumwachia njia ya kusema kweli.

Kisa hiki hunikumbusha habari ya Abdurrahman bin Auf, Mungu amuwie radhi. Alipohajiri kutoka Makka kwenda Madina, Mtume (S.A.W.) alimfungisha udugu na Saad bin Rabii, ambaye alimwonyesha ukarimu wa ajabu hata akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Akaanza kwa kuuza jibini na samli. Naona humo haki mbili. Mwenyeji alifungua mlango kabla hajaombwa, na mgeni hakuugeuza mlango ule kuwa makao ya kudumu. Mtoto wetu aendaye ugenini amhitaji Saad wake, nasi tumlee awe na moyo wa Abdurrahman.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla ya kumpa ruhusa, tafuta mtu kwanza. Pwani yetu ina wana wengi huko bara, na misikiti ya Thika na Ruiru ina wanawake wanaojuana. Piga simu wewe mwenyewe, mama kwa mama, usimwachie kijana aokote mwenyeji mitandaoni.

Kisha chumba. Asitume pesa kwa chumba ambacho hajakiona kwa macho yake. Mwenye nyumba kwa kawaida hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, basi aende nazo zote mbili. Aulize maji hutoka siku zipi, stima hulipwa vipi, na lango la ploti hufungwa saa ngapi, kwa sababu binti afanyaye kazi za zamu huenda akarudi usiku. Alipe kwa simu kwa mtu ambaye amehakikisha ndiye mwenyewe au msimamizi wake, na kila ujumbe wa malipo auweke.

Kisha kazi. Anayedai ada ili akupe kazi usimpe hata shilingi. Kijana ajue pia haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Sheria hiyo hiyo yakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, hivyo binti asidhani kwamba mtandio wake ni kosa la kuombea radhi.

La mwisho ni letu sisi tunaobaki. Tuweke akiba ya nauli ya kurudi, na kijana aijue kuwa ipo. Tumwambie kabla hajapanda treni kwamba kwa miezi mitatu hatutamwomba kitu, na kwamba akirudi mikono mitupu atapokewa kwa chai na mahamri kama aliyerudi na sanduku. Wazee wetu mabaharia walijua hayo waliposema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Asiyeogopa kurudi ndiye atakayetwambia kweli mapema, wakati bado twaweza kumsaidia.

Binti yetu hakurudi. Ana chumba chake Ruiru sasa, na cherehani anayoilipia kidogo kidogo. Juzi alinipigia kuniambia kwamba mwezi huu kazi ni haba na kodi imemlemea. Nilimshukuru Mungu kwa simu ile kuliko zile zote za furaha alizotupigia mwanzo. Tulichanga jioni ile ile.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awafungulie milango ya riziki za halali. Amin.

Wassalaam.